Meza na Mafungu: Neno «Diski» na Hatari ya Kuweka Linux Kando ya Windows

Makala haya yametokana na kosa. Mwanafunzi mwenzetu wa mwaka wa mwisho alikuwa amerekodi hadithi 31 za wazee vijijini, sauti tupu, bila kuziandika bado. Kompyuta yake ilikuwa imezeeka, na Windows ilikuwa ikichukua dakika nyingi kuamka. Aliniomba nimwekee Linux kando ya Windows, ili apate mfumo mwepesi wa kunakilia sauti zile, huku akibaki na ule wa zamani aliouzoea. Nilimwuliza swali moja tu: «Rekodi zako ziko wapi?» Akajibu: «Usiogope, ziko kwenye diski nyingine, diski D.»

Nilipofika kwenye ukurasa wa kuchagua namna ya kuweka mfumo, kompyuta ikasema kwa Kifaransa: «Effacer le disque et installer Ubuntu». Lile chaguo la kuweka mifumo miwili pamoja halikuonekana. Tukashauriana. Windows ilikuwa imemchosha, na rekodi zilikuwa «kwenye diski nyingine». Akasema: «Basi, futa hiyo diski C.» Nikabonyeza.

Diski nyingine haikuwepo. C na D zilikuwa mafungu mawili ya diski moja. Baada ya siku nne za kuhangaika tulirudisha rekodi 19, zote zikiwa zimepoteza majina. Nyingine 12 hazikurudi, na mmoja wa wazee waliozisimulia alikuwa ameshafariki.

Watu wa kompyuta wataliita kosa hili la ufundi. Mimi nadhani lilianza katika lugha: neno moja lilikuwa na maana mbili, na watu wawili wa Kitivo cha Lugha hawakuliona. Kwa hiyo somo hili lina sehemu mbili. Kwanza tutachambua maneno, kisha tutapitia matatizo ya kugawa diski yanayowapata wengi, na namna ya kuyaepuka.

1. Neno moja, maana mbili

Fungua Windows ya Kifaransa uangalie mahali faili zinapohifadhiwa. Utaona «Disque local (C:)», na katika kompyuta nyingi pia «Disque local (D:)». Msomaji yeyote ataelewa kwamba kuna diski mbili. Lakini ukiifungua kompyuta kwa bisibisi, mara nyingi utakuta kifaa kimoja tu. Windows inaita «diski» kile ambacho kwa kweli ni sehemu ya diski.

Programu ya kuweka Linux hulitumia neno hilohilo kwa maana ya kifaa chenyewe. Ikisema «effacer le disque», inakusudia kifaa kizima, pamoja na C, D na mengine yote yaliyofichwa ndani yake. Walimu wetu wa semantiki wangesema kwamba hapa pana polisemia: maana mbili zinazohusiana, moja ya kitu kizima na nyingine ya sehemu yake. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutusaidia kuchagua maana. Kwenye skrini hakuna anayekuuliza umeelewa maana ipi.

Je, sehemu hiyo ya diski tuiiteje kwa Kiswahili? Wengine husema «patisheni». Tafsiri za mashine mara nyingi hutoa «kizigeu». Neno hilo ni la Kiswahili, lakini kizigeu ni kile kinachotenganisha chumba na chumba, siyo chumba chenyewe. Katika diski tunachokihesabu ni vyumba, wala si kuta. Neno la Kifaransa nalo halitusaidii sana: kwa waimbaji wa kwaya zetu, «partition» ni karatasi ya noti.

Mimi napendekeza «fungu», na sababu yangu naichukua sokoni. Mama anayeuza nyanya ana meza moja. Juu yake hupanga mafungu: hili la bei hii, lile la bei ile. Ukinunua fungu moja, mengine yanabaki. Lakini mtu akiipindua meza, hakuna fungu linalosalimika. Diski ni meza, na C na D ni mafungu. Sisi tuliipindua meza tukidhani tunaondoa fungu moja.

2. Kusoma majina ya Linux kama tunavyosoma kitenzi

Linux haitumii herufi C na D. Kila kifaa na kila fungu hupewa jina refu kidogo, na jina hilo huwaogopesha wanaoanza. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha aliyezoea kugawa «a-li-ni-pig-i-a» katika mofimu zake, jina hilo ni jepesi sana.

Tuchukue «sda2». Mofimu ya kwanza, «sd», hutaja aina ya kifaa: asili yake ni diski za SCSI, na leo inahusu pia diski za SATA na flashi za USB. Herufi «a» huonyesha kifaa cha kwanza. Cha pili kitakuwa «sdb», cha tatu «sdc». Tarakimu «2» ni namba ya fungu. Basi «sda2» ni fungu la pili la meza ya kwanza, na «sda» bila tarakimu ni meza nzima.

Kompyuta mpya zenye diski za NVMe zina majina kama «nvme0n1p3». Hapa «nvme0» ni kidhibiti cha kwanza, kwa sababu hesabu huanza na sifuri. «N1» ni eneo la kwanza la kidhibiti hicho, ambalo kwa kawaida ndilo diski nzima. Na «p3» ni fungu la tatu. Meza nzima ni «nvme0n1». Kiambishi tamati «p3» kikiondoka, maana inabadilika kutoka fungu hadi diski yote. Tofauti ya mofimu moja inaweza kugharimu kazi ya miaka miwili.

Zingatia jambo jingine. Herufi ya kifaa haidumu. Ukichomeka flashi kabla ya kuwasha, kilichokuwa «sda» jana kinaweza kuwa «sdb» leo. Usiitambue diski kwa jina peke yake. Angalia pia ukubwa wake na mafungu yaliyomo. Amri «lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE» huonyesha vyote hivyo katika orodha moja, bila kubadilisha chochote.

Hata ukubwa una mtego wake. Diski iliyouzwa kama gigabaiti 500 huonekana katika Windows kuwa na 465 tu. Hakuna aliyekuibia. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kwa kuzidisha elfu kwa elfu, na Windows huhesabu kwa 1024, ingawa wote wawili hutumia jina moja la kipimo. Zana nyingi za Linux huweza kuonyesha 500. Asiyejua hilo anaweza kuamini kwamba anaona diski mbili tofauti.

3. Orodha ya mafungu: MBR na GPT

Mwanzoni mwa kila diski kuna orodha inayosema fungu gani linaanzia wapi na kuishia wapi. Zipo aina mbili zinazotuhusu.

Ya zamani inaitwa MBR. Ilikuja mwaka 1983 pamoja na DOS 2.0 ya kompyuta za IBM. Nafasi iliyotengewa orodha hiyo ni baiti 64, na kila fungu hutumia 16. Hesabu ni rahisi: mafungu 4, basi. Anayetaka zaidi hulazimika kuligeuza moja kuwa fungu la nje lenye mafungu madogo ndani yake. Linux huyapa hayo madogo namba kuanzia 5, hata kama namba 3 na 4 hazijatumika. Tena, MBR haiwezi kuhesabu zaidi ya takriban terabaiti 2.2 katika diski za kawaida.

Ya pili ni GPT, iliyokuja pamoja na UEFI. Kwa kawaida hubeba hadi mafungu 128, na nakala ya orodha huwekwa mwishoni mwa diski, ili ya mwanzo ikiharibika pawe na ushahidi wa pili.

4. Matatizo sita yanayokutwa mara kwa mara

(a) Windows inakataa kuachia nafasi. Unafungua «Gestion des disques», unachagua «Réduire le volume», na ingawa nusu ya C ni tupu, unaambiwa unaweza kupunguza kidogo tu. Sababu ni faili zisizosogezwa, kama ile ya kumbukumbu ya ziada na ile ya usingizi mzito wa kompyuta. Ni kama mtu aliyeketi katikati ya benchi: nafasi ipo pande zote mbili, lakini benchi haliwezi kukatwa mpaka ainuke. Zima usingizi mzito kwa amri «powercfg /h off» ukiwa msimamizi, ondoa kwa muda kumbukumbu ya ziada na alama za kurejeshea mfumo, washa upya, kisha jaribu tena.

(b) Nafasi ipo lakini haitumiki. Umepunguza C vizuri, lakini programu ya Linux inasema nafasi iliyopatikana haiwezi kutumika. Mara nyingi diski ni ya MBR na mafungu 4 tayari yamejaa: la kuamshia, C, D, na la mtengenezaji la kurejeshea mfumo. Usikubali Windows ikipendekeza kuigeuza diski kuwa «dynamique», kwani programu nyingi za kuweka Linux hazitaielewa. Njia salama ni kunakili yaliyomo katika D kwenye diski ya nje, kulifuta fungu D, na kuunda mahali pake fungu la nje litakalobeba D mpya pamoja na Linux.

(c) Windows haikuzimika, imelala. Tangu Windows 8, kuzima kompyuta mara nyingi si kuizima kabisa. Kipengele kinachoitwa «Démarrage rapide» huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili asubuhi iamke upesi. Mafungu ya Windows hubaki kama daftari ambalo mwenyewe hajalifunga. Linux ikilikuta hivyo, itakuruhusu kusoma tu, au itakataa kulifungua. Ukilazimisha kuandika, unaweza kuharibu faili. Ile amri «powercfg /h off» huzima na kipengele hiki pia, kwa hiyo dawa moja inatibu magonjwa mawili.

(d) Fungu limefungwa kwa ufunguo usioujua. Kompyuta nyingi mpya huja na BitLocker, au usimbaji wa kifaa, ukiwa tayari umewashwa bila mwenye kompyuta kutambua. Programu ya Linux haitaweza kulipunguza fungu hilo. Baya zaidi, ukibadilisha mipangilio ya kuwasha, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Kabla ya kugusa chochote utafute ufunguo huo, ambao mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft, uuandike kwenye karatasi, kisha uzime usimbaji na usubiri umalizike.

(e) Diski haionekani kabisa. Programu ya Linux inaona flashi tu. Katika kompyuta nyingi za Intel sababu ni mpangilio wa RST au VMD, unaoificha diski nyuma ya kidhibiti maalumu. Kubadilisha mpangilio huo kuwa AHCI huifanya ionekane, lakini Windows isipotayarishwa kwanza, kwa kuiwasha katika hali salama baada ya badiliko hilo, inaweza kukataa kuamka.

(f) Mfumo mmoja unatoweka baada ya kazi. Kuna njia mbili za kuamka: ya zamani ya BIOS na ya sasa ya UEFI. Windows ikiwa imewekwa kwa njia ya UEFI na wewe ukaiwasha flashi ya Linux kwa njia ya zamani, mifumo hiyo miwili haitaweza kuitana, na orodha ya GRUB haitaweza kuiamsha Windows. Katika Windows endesha «msinfo32» usome mstari wa «Mode BIOS». Katika Linux ya flashi, andika «ls /sys/firmware/efi»: folda ikiwepo, umewasha kwa UEFI. Njia zilingane kabla ya kuendelea. Na lile fungu dogo la FAT32 ambalo UEFI hutumia kuamshia, ambalo kwa Windows mara nyingi huwa na megabaiti 100, hutumiwa na mifumo yote miwili. Lisifomatiwe kamwe.

Sasa nafahamu kwamba siku ile chaguo la kuweka mifumo pamoja halikutoweka kwa bahati mbaya. Programu hulificha isipoona namna salama ya kugawa. Kilichokosekana kwenye ukurasa ule kilikuwa onyo, na sisi tulikosa kulisoma.

5. Utaratibu tunaoupendekeza

Kwanza, nakili kazi zako kwenye kifaa kinachochomolewa, yaani diski ya nje au flashi, kisha ukichomoe na ukiweke mbali na meza ya kazi. Kunakili kutoka C kwenda D siyo kuhifadhi. Fungua faili mbili tatu za nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, usikilize kama sauti inatoka.

Pili, chora diski yako kwenye karatasi: mstari mmoja mrefu, na juu yake mafungu yote kwa majina, ukubwa na aina. Fanya hivyo ukiwa Windows, kisha tena ukiwa kwenye Linux ya flashi kwa «lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE». Michoro miwili isipofanana, kuna jambo ambalo hujalielewa. Simama hapo.

Tatu, punguza fungu la Windows kwa zana ya Windows yenyewe. Ubuntu hupendekeza angalau gigabaiti 25. Kwa mtu wa sauti na video, 50 au zaidi zinafaa. Iache nafasi hiyo tupu, bila kuipa herufi.

Nne, hakikisha umeme. Kupunguza fungu ni kuhamisha data, na umeme ukikatika katikati hakuna anayejua kilichofika na kilichobaki. Betri ijae, na kompyuta isiyo na betri isubiri siku nyingine.

Tano, katika programu ya Linux chagua kugawa mwenyewe, uiweke katika nafasi tupu peke yake. Kabla ya hatua ya mwisho utaonyeshwa orodha ya mafungu yatakayofomatiwa. Isome kwa sauti, neno kwa neno. Ukiliona fungu ambalo hukuliunda leo, rudi nyuma.

6. Ikiwa tayari imetokea

Izime kompyuta mara moja. Kila dakika mfumo mpya unapofanya kazi, huandika juu ya yale ya zamani. Iwashe kwa flashi, usiweke chochote kwenye diski hiyo, na ikiwezekana uinakili nzima kwanza kwa programu ya ddrescue. Kisha kuna TestDisk ya Christophe Grenier, inayotafuta mafungu yaliyopotea katika orodha, na mwenzake PhotoRec, anayetambua faili kwa umbo la ndani hata orodha ikiwa imetoweka. PhotoRec harudishi majina. Ndiyo maana tulilazimika kuzisikiliza rekodi 19, moja baada ya nyingine, tukiwatambua wasimulizi kwa sauti zao. Diski yetu ilikuwa ya sahani zinazozunguka. Ingekuwa SSD, huenda tusingepata hata moja, kwa kuwa diski hizo hutaarifiwa ni sehemu zipi zimeachwa, nazo huzisafisha zenyewe.

7. Hitimisho

Wengi wetu tutalikuta jambo hili hivi karibuni. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za wanafunzi haziwezi kubeba toleo linalofuata. Linux ni njia nzuri, tena ya bure, na sisemi tuiogope. Nasema tuyasome maneno yaliyo kwenye skrini kama tunavyoyasoma maneno ya matini darasani: nani anasema, kwa maana gani, na neno hili linahusu kitu kizima au sehemu yake? Mwenzetu alimaliza kazi yake kwa rekodi 19. Katika utangulizi wake alitaja hadithi 12 kwa vichwa tu, kama alivyovikumbuka.

Mazoezi

1. Gawa majina haya katika mofimu zake na ueleze kila moja: «sdb1», «nvme1n1p5», «sdc». Lipi linataja meza nzima?
2. Diski ya MBR ina mafungu «sda1», «sda2», «sda5» na «sda6». Kwa nini namba 3 na 4 hazionekani? Fungu «sda2» huenda likawa la aina gani?
3. Linganisha «patisheni», «kizigeu», «sehemu» na «fungu» kama istilahi. Toa hoja kwa kila moja, na upendekeze yako ikiwa unayo bora.
4. Tafuta neno jingine katika skrini ya kompyuta yako lenye maana mbili zinazoweza kumdanganya mtumiaji. Andika upya sentensi yake kwa Kiswahili kisichodanganya.